Senga wa Alhamisi

Tangu Alhamisi saa nne asubuhi, Chrispinus alipomwita senga mbele ya watu mia na ishirini, Taaka hakuwa amemeza tonge likashuka vizuri. Maharage ya bwaloni aliyatazama tu. Chai aliinywa kwa sababu Ritah alimshikia kikombe. Ukimwuliza anaumwa wapi hana pa kukuonyesha, maana mahali penyewe hapana jina, na hata pangekuwa nalo angeogopa kulitaja.

Tuseme kweli, siku tatu ni chache. Mtu akikuambia amependa kwa siku tatu utacheka, na Taaka mwenyewe angekuwa wa kwanza kucheka kama jambo hilo lingempata mwingine. Lakini lilimpata yeye, tena kwenye foleni ya kusajili wanafunzi wapya wa ualimu, Jumatatu, hapo chuoni Tororo, huku jua likichoma na kila mtu amekumbatia bahasha yenye vyeti vyake.

Kijana aliyekuwa mbele yake aliangusha daftari. Taaka akamgusa bega.

"Wewe, kitabu yako naanguka."

Kijana akageuka. Mrefu, mweusi wa kung'aa, meno ya juu yana mwanya. Akamtazama Taaka, akalitazama daftari, akamtazama Taaka tena, na mara ya pili alikawia.

"Kitabu *chako kimeanguka*," alisema. "Unasomea masomo gani?"

"Kiswahili na Historia."

"Kiswahili! Mungu awasaidie watoto wa Uganda."

"Na nyinyi wa Kenya je? Mwalimu mkuu anapita mnamwambia 'niaje.'"

Alicheka hadi karani akainua kichwa. Akasema anaitwa Chrispinus, kwao ni Funyula, upande wa Busia ya Kenya, na yeye pia ni Kiswahili na Historia. Basi foleni ya saa tatu ikaisha kama dakika kumi. Jumanne wakazungushwa maktaba, na kila walipoambiwa wasimame wawili wawili walijikuta wamesimama pamoja, bila mmoja wao kujua nani aliyemsogelea mwenzake. Jumatano ikaja zamu ya kujifunza kuandika ubaoni. Usicheke, kuandika ubaoni ni kazi. Mistari ya Chrispinus ilianzia chini kushoto ikaishia juu kulia.

"Mstari yako napanda mwamba," Taaka alimwambia.

"Mstari *wangu unapanda*. Basi nishike unioneshe."

Taaka akamshika kifundo cha mkono, akauvuta mkono taratibu kutoka upande huu wa ubao hadi ule. Neno waliloandika lilikuwa "kuzidisha". Lilinyooka. Chrispinus hakulitazama. Alikuwa akimtazama Taaka, vumbi la chaki limemwangukia kwenye nyusi, na alipolitamka jina lake, "Taaka", alilitamka polepole kama mtu anayekifungua kitu alichoambiwa asikivunje.

"Jumapili twende ng'ambo," alisema. "Tuvuke pale mpakani, nikuonyeshe kwetu. Mama atafurahi."

"Nitafikiria," Taaka alijibu, na alikuwa amekwisha kubali kabla hajafungua mdomo.

Ndipo Alhamisi ikaja.

Madam Alaso, mhadhiri wao, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, aliwakusanya ukumbini. "Walimu wangu," alisema, maana tangu siku ya kwanza hakuwaita wanafunzi hata mara moja, "mkienda shule za vijijini, jambo la kwanza wazazi watakalowauliza si shahada. Watakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Mtu asiyejulikana kwao hapewi watoto wa watu. Kwa hiyo leo kila mmoja atasimama, ataje jina, baba, babu, ukoo na kwao."

Ilipofika zamu yake Taaka alisimama bila wasiwasi. Alikuwa amelisema hilo tangu akiwa mdogo, mbele ya wageni, amepiga magoti juu ya mkeka. "Mimi naitwa Taaka. Mimi ni binti ya Maloba, mjukuu ya Ouma. Ukoo ni Abakhulo. Nyumbani ni Lumino."

Alipoketi aliona Chrispinus amesimama, na zamu yake ilikuwa bado.

"Ouma yupi?" aliuliza. "Yule fundi wa mitumbwi?"

"Huyo huyo."

"Huyo na babu yake baba yangu ni tumbo moja." Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu. "Basi wewe na baba yangu ni mtu na dada yake. Wewe ni... wewe ni senga wangu."

Senga ni shangazi, dada ya baba, kama wasemavyo upande wa Uganda. Ukumbi uliangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Freshaz, mgeni wa chuo, msalimie shangazi kwa adabu!" Madam Alaso akapiga makofi kwa furaha, akasema mnaona faida ya kujitambulisha. Chrispinus akainamisha kichwa, akatoa salamu ya mtoto kwa mkubwa, akaketi mstari wa nyuma kabisa. Toka hapo alipokutana na Taaka njiani alisema "Shikamoo, senga," akapita pembeni kama anayepisha gari.

Sasa ngoja nikuambie lililokuwa likimtafuna Taaka, maana kukataliwa kwa ajili ya ukoo si jambo geni, watu hulia wiki moja wakanyamaza. Yeye alijua neno moja ambalo lingeufuta usenga wote ule. Maloba hakumzaa.

Mama yake alimwambia akiwa Senior Two, yaani kidato cha pili, wakichambua mchele, kwa sauti ya chini. Aliyemzaa alikuwa mtu wa Mwello, Mjapadhola, kabila jingine kabisa, jina lake Ofumbi, aliyeondoka kabla mtoto hajaota jino. Maloba alimwoa mama pamoja na mtoto wake wa miezi saba, akampa mtoto jina la mama yake yeye Maloba, Taaka, na tangu siku hiyo hakuna mtu Lumino aliyethubutu kusema vingine. "Na usimwonyeshe kwamba unajua," mama alimwapisha. "Siku akijua unajua, utakuwa umemnyang'anya kitu." Taaka hakumwonyesha. Miaka sita sasa.

Aliyejua mwingine ni Ritah tu, msichana wa Molo, hapo hapo Tororo, waliyekaa naye dawati moja sekondari, na sasa wanalala chumba kimoja chuoni. Ijumaa asubuhi Ritah alichoka kumshikia vikombe.

"Sema tu, nyabo! Mwambie, mimi si Abakhulo, mimi ni mtu ya Mwello. Maneno matatu. Nakwisha."

"Halafu?"

"Halafu mnakwenda kwao Jumapili, mnakula samaki."

"Halafu yeye anaambia baba yake. Baba yake anauliza watu ya Lumino. Watu ya Lumino wanamwuliza baba yangu, Maloba, eti ni kweli huyu mtoto si wako? Sokoni, Ritah. Watamwuliza sokoni, mbele ya watu."

Ritah akakunja kitenge chake, akakikunjua.

"Na kama hausemi?"

"Sijui."

"Wewe napenda huyo kijana au hapana?"

"Sijui, Ritah! Napenda. Lakini nikisema, ni kama namtupa baba yangu. Nisiposema, ni kama nasema uongo na mwili yangu mzima. Nifanye nini?"

Ritah alisema, "Banange," kama wengine wasemavyo jamani, akaenda kuoga.

Mchana huo Taaka alimvizia Chrispinus kwenye ngazi za maktaba. Alitaka tu kumwona usoni. Hakuwa na mpango.

"Shikamoo, sen..."

"Wacha hiyo!" Taaka alisema. "Mimi na wewe tuko miaka sawa. Shikamoo ya nini?"

"Nifanyeje sasa? Ni heshima."

"Jumatano haikuwa heshima?"

Chrispinus alitazama viatu vyake. Macho yalikuwa mekundu, na Taaka alipoyaona alifurahi, kisha akaona aibu kwa kufurahi. "Jumatano sikujua," alisema. "Taaka... senga... jana nilimpigia baba simu. Nilitaka aniambie nimekosea kuhesabu. Unajua alifanya nini? Alicheka kwa furaha! Alisema watu wa Lumino walipotea siku nyingi, sasa Mungu amewarudisha. Akaniambia, mtunze shangazi yako asikose kitu hapo chuoni." Alijaribu kucheka, kicheko kikamshinda. "Nimetafuta kila njia. Nimehesabu kupitia kwa mama. Nimehesabu kupitia kwa bibi. Kila nikihesabu narudi pale pale."

"Na kama kungekuwa na njia?"

Aliinua uso haraka. "Ipo?"

Maneno matatu yalikuwa mdomoni. Taaka aliyasikia kwenye ulimi. Halafu akamwona Maloba, vile alivyomwona Jumapili iliyopita, amefunga godoro lake kwenye pikipiki kwa kamba tatu, akijaribu kila fundo mara mbili, akimwambia dereva, huyu ni mwalimu, usimkimbize.

"Nauliza tu," alisema.

"Usiniulize hivyo," Chrispinus alisema kwa uchungu. "Usiniulize hivyo kama hakuna kitu. Unaniua, bana." Akapanda ngazi mbili mbili, akaingia ndani. Taaka akabaki pale akiwa hajui kama amelinda kitu au amekiharibu.

Jumamosi wazazi walialikwa kwa sala ya kuifunga wiki ya maelekezo na chakula cha pamoja. Maloba alikuja mapema. Alivaa koti la kijivu la kanisani, ameshika mfuko wa samaki wa kukaushwa na chupa ya siagi ya simsim. Taaka alipomwona langoni alipiga magoti palepale kwenye kokoto kumsalimu, na wasichana wa Kenya wakashangaa.

"Simama, mwalimu," Maloba alisema kwa Lusamia, lugha yao ya nyumbani. "Utachafua sketi. Mbona umekonda?"

"Masomo, baba."

"Masomo hayajaanza."

Papo hapo mkono ukaupokea ule mfuko kutoka kwa mzee. Ni Chrispinus. Mtu mwenye adabu hawezi kumwona babu yake wa ukoo langoni akajificha, hata kama moyo unamwambia ajifiche. Akajitambulisha, yeye, baba yake, babu yake, hadi kwa yule ndugu yake Ouma. Maloba alimshika mabega mawili, akamtikisa kama anayepima kama mti umeshika ardhi.

"Mjukuu wangu! Mnatoka wapi nyinyi? Tulidhani mmekwisha wote huko Kenya! Na mmeonana na huyu?"

"Ndiyo, babu. Huyu ni senga wangu."

Alilisema vizuri. Ni kwenye silabi ya mwisho tu sauti ilipokatika. Akakohoa, akasema ni vumbi. Taaka alikuwa anatazama ukuta wa jengo la ofisi, ambao haukuwa na kitu cha kutazamwa.

Maloba ni mkulima, hana maneno mengi, na mtu wa namna hiyo hupata nafasi ya kuona. Alipokuwa anakula wali aliona kijana akimpelekea Taaka maji bila kuombwa, akayaweka mbali na mkono wake ili wasigusane. Aliona binti yake hajala. Aliona binti yake akimtazama kijana alipogeuka, na kijana akimtazama binti yake alipoinama. Akala akamaliza, akanawa mikono kwa utulivu.

"Nitembeze," alimwambia Taaka.

Wakatembea nyuma ya madarasa mapya, ambako saruji ilikuwa haijakauka sawasawa.

"Mlijuana lini na yule?"

"Jumatatu, baba. Kwenye foleni."

"Na usenga umeanza lini?"

"Alhamisi."

Maloba akatembea hatua kadhaa. "Kati ya Jumatatu na Alhamisi alikuwa anakuita nani?"

Taaka alifungua mdomo, na badala ya jibu yakatoka machozi. Aliyafuta kwa kiganja, yakaja mengine. "Alikuwa ananiita Taaka," alisema.

"Na wewe hukumwambia kitu."

"Kitu gani, baba?" Alimtazama kwa hofu. "Hakuna kitu. Yeye ni mtu wa kwetu. Mimi ni mtoto wako, yeye ni mjukuu wako, basi. Imekwisha."

Mzee alisimama. Alimtazama muda mrefu, na Taaka akaona kwamba anajua. Hakuna aliyemwambia. Anajua tu, na alikuwa anajua siku zote hizo walizokuwa wakifichana katika nyumba moja.

"Ulipokuwa mdogo," Maloba alisema, "ulikuwa unaniuliza kila jioni, baba, siku niliyozaliwa mvua ilinyesha? Ulikuwa unapenda sana swali hilo, na mimi nilikuwa nakudanganya, nasema ilinyesha. Halafu likizo moja ya Senior Two ukaacha kuuliza. Nikajua umeambiwa."

"Baba..."

"Nilingoja siku utakayonipigia kelele, useme wewe si baba yangu. Wasichana husema. Hukusema. Hata nilipokukataza kwenda disko, hukusema." Alipangusa uso kwa mkono wa koti. "Na juzi ulikuwa na sababu nzuri, hukusema vilevile. Sasa mimi ni mtu wa namna gani nikikuacha hivyo?"

"Usiseme, baba. Tafadhali. Watu watakucheka."

"Watacheka. Nimewahi kuchekwa."

Akageuka akarudi kwa mwendo wa haraka kuliko umri wake, Taaka akimfuata na kumvuta koti kama mtoto. Chrispinus alikuwa anapanga viti na vijana wengine. Maloba akamwita pembeni, akahakikisha hakuna sikio la tatu.

"Kijana. Huyu usimwite senga tena. Mwite Taaka."

"Lakini babu, ukoo..."

"Jina ni letu, ni la mama yangu mimi. Damu ni ya watu wa Mwello. Nilimpokea ana miezi saba."

Chrispinus alimtazama mzee, akamtazama Taaka. Furaha ilimjia usoni, ikafika nusu, ikasimama, kwa sababu aliona uso wa mzee pia.

"Kwa hiyo ni senga wangu," aliuliza kwa kigugumizi, "au si senga wangu?"

"Kwa damu, si wako. Kwa sufuria iliyomlea, ni binti yangu mpaka nife." Maloba alikuna kidevu. "Wazee watalikalia hilo. Hata mimi sijui watasemaje. Ninachojua ni kwamba nyinyi wawili msiache kula kwa kitu ambacho si kweli." Akauchukua mfuko wake uliobaki mtupu, akaukunja, akautia mfukoni. "Mimi naenda. Lumino ni mbali."

Akaondoka hivyohivyo. Mgongo wa koti la kijivu ulionekana mdogo kati ya wazazi waliokuwa wakipiga picha na watoto wao.

"Taaka," Chrispinus aliita.

Siku tatu alikuwa na kiu ya kuisikia sauti ile ikilitamka jina lile. Ilikuwa tamu vilevile, na Taaka alikasirika kwamba ni tamu. Alimtazama. Alitaka kwenda kwake na kulia kwenye shati lake jeupe. Alitaka pia kumpiga. Na kumbe miguu ilikuwa imekwisha kuamua, ilikuwa inakimbia kuelekea langoni.

Alimkuta Maloba ng'ambo ya lango akitafuta bodaboda. Mzee alimwona, akakunja uso.

"Yule anakuita."

"Nasikia."

"Basi rudi. Nimesema yote yale ili iwe nini? Rudi, mwana..." Neno likamkwama. Alitazama chini, akakanyagakanyaga kokoto kama mtu aliyeshika mali ya watu bila kujua na sasa hajui pa kuiweka.

"Limalize, baba," Taaka alisema.

"Nini?"

"Hilo neno. Limalize."

Bodaboda mbili zilisimama, madereva wakauliza kwa pamoja mzee anakwenda wapi. Hakuwajibu. Huko nyuma jina la Taaka liliitwa tena, karibu zaidi sasa, na viatu vilikuwa vinakimbia juu ya kokoto. Taaka hakugeuka. Alikuwa ameushika mkono wa koti la kijivu kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu," Maloba alisema.

"Naam."

"Kijana anakungoja."

"Wacha angoje."